Chafya za Alfajiri na Macho Kuwasha: Jinsi ya Kutuliza Mzio Mdogo Nyumbani

Nahudumu kwenye duka la dawa mjini Tanga, na kuna maombi ambayo hayakauki dirishani. "Nikiamka tu napiga chafya mfululizo, nipe dawa." "Mtoto anajikuna pua mpaka inachubuka." "Nilimeza zile za njano zikanisaidia, nilipoacha ikarudi." Pale dirishani, na foleni ikiwa nyuma, nafasi ya kueleza yote haipo. Nimeyaandika hapa kwa mpangilio ambao ungekufaa kuufuata.

Mwongozo huu ni wa mzio mdogo wa pua na macho, ule ambao wengi huuita aleji ya vumbi: chafya, kamasi jepesi kama maji, pua kuwasha na kuziba, macho mekundu yenye machozi. Unaudhi, unaharibu usingizi, ila bado unaenda kazini na mtoto bado anaenda shule. Mzio wa chakula, wa dawa au wa kuumwa na nyuki una njia yake, nami nitaugusa pale tu inapobidi kukimbilia hospitali.

Ukisoma jambo moja tu, soma hili: dawa hutuliza dalili, lakini kwa watu wengi kinachozileta kiko kitandani. Kumeza vidonge mwaka mzima huku ukilalia godoro lilelile na mto uleule ni kudeki sakafu wakati bomba bado linamwaga maji.

Kwanza hakikisha ni mzio, na ni mdogo

Mafua ya kawaida huja na mwili kuuma, koo, pengine homa, na kwa kawaida yanaisha ndani ya siku 7 hadi 10. Mzio hauna homa. Alama yake kubwa ni kuwasha: pua inawasha, macho yanawasha, hata kaakaa na masikio kwa ndani. Tena hurudi kwa ratiba: kila alfajiri, kila ukifagia, kila ukiingia chumba fulani, au kila nyasi zinapochanua baada ya mvua.

Kwa mtoto, tazama mkono wake. Mwenye mzio husugua pua kwa kiganja kuelekea juu, tena na tena, mpaka baada ya muda anapata mstari mwembamba unaokatiza pua kwa juu. Chini ya macho panakuwa na weusi kama hajalala.

Acha kusoma mwongozo huu, nenda hospitali SASA HIVI ukiona lolote kati ya haya:

- Midomo, ulimi au uso unavimba, au sauti inakauka ghafla.
- Kupumua kwa shida, kifua kutoa mlio wa filimbi, au kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi.
- Mabaka yanayowasha mwili mzima pamoja na kutapika, kizunguzungu au kuzirai, hasa baada ya kula kitu, kumeza dawa, kuchomwa sindano au kuumwa na nyuki.

Dawa ya kuokoa maisha hapo ni sindano ya adrenalini, na kidonge cha mzio hakiwezi kufanya kazi yake. Usikae kusubiri kidonge kifanye kazi. Mgonjwa mwenye kizunguzungu alale chali na miguu iinuliwe. Anayepumua kwa shida mwache akae. Usimpakie kwenye bodaboda mtu anayetaka kuzirai. Tafuta gari alale.

Na mwenye pumu: mzio wako wa pua hauwi "mdogo" kama kifua nacho kinabana. Fuata hatua za usafi zilizo hapa, lakini dawa za pumu usiziache, na mpango wako upange na daktari.

Mahitaji

- Chumvi ya jikoni iliyo safi, isiyochanganywa na viungo. Yenye madini joto inafaa, ingawa baadhi ya watu huwashwa nayo kidogo.
- Sufuria yenye mfuniko, kijiko cha chai, na chupa ya nusu lita iliyooshwa vizuri.
- Bomba la sindano la mililita 20, BILA sindano yenyewe. Chupa maalumu ya kuoshea pua nayo ni nzuri ukiipata.
- Ndoo au beseni gumu lenye mfuniko, sabuni ya unga, matambara ya pamba.
- Barakoa.
- Kifuniko cha godoro chenye zipu, kama mfuko unaruhusu. Si lazima siku ya kwanza.
- Daftari na kalamu.

Dawa nimeziacha kwa makusudi. Zina hatua yake.

Hatua ya 1: Andika kwa wiki moja

Kila jioni andika mistari miwili: dalili zilianza saa ngapi, na ulikuwa wapi ukifanya nini. Usiandike insha. "Saa 11 alfajiri, kitandani, chafya." "Saa 5, dukani, sijambo." "Jioni, jirani anachoma taka, macho."

Wiki ikiisha mchoro utajionyesha. Dalili za alfajiri na za usiku huelekeza kitandani, kwa utitiri wa vumbi, vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Dalili za kufyeka au kupita kwenye nyasi huelekeza kwenye chavua, yaani unga wa maua ya mimea. Chumba chenye harufu ya unyevu huelekeza kwenye ukungu. Ukitembelea nyumba yenye paka na macho yakaanza, unajua.

Usisubiri wiki iishe ndipo uanze hatua ya 2. Hiyo anza leo.

Hatua ya 2: Osha pua kwa maji ya chumvi

Kama ningeruhusiwa kumpa kila mtu kitu kimoja tu, ningempa hiki. Kuosha pua kunaondoa vumbi, chavua na kamasi kabla hazijaendelea kuchokoza, na hakugharimu zaidi ya chumvi na kuni.

1. Chemsha maji. Yakishatokota, yaache yaendelee kutokota dakika 3 hadi 5, kisha funika yapoe mpaka yawe vuguvugu.
2. Pima nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa kwa kisu, si cha kilima. Koroga mpaka iyeyuke yote.
3. Nawa mikono kwa sabuni.
4. Inama juu ya sinki au beseni, uso ukitazama chini, halafu geuza kichwa kidogo upande, kulia au kushoto.
5. Fungua mdomo na upumue kwa mdomo. Hii usiisahau, maana ukivuta pumzi kwa pua maji yataenda kooni.
6. Weka ncha ya bomba kwenye tundu la juu, usukume polepole. Maji yatapanda na kutokea tundu la chini. Endelea mpaka mabomba matano au sita, kisha geuka upande wa pili.
7. Penga kwa upole, tundu zote mbili zikiwa wazi. Usibane pua ukapenga kwa nguvu.
8. Osha bomba kwa maji uliyochemsha, liache likauke. Maji ya chumvi yaliyobaki mwaga. Kesho chemsha mengine.

Mara moja au mbili kwa siku inatosha, hasa jioni kabla ya kulala na mara baada ya kazi ya vumbi.

ONYO: usitumie maji ya bomba, ya kisima au ya mvua bila kuyachemsha, hata kama ni maji unayokunywa kila siku. Tumbo lina asidi inayoua vijidudu vingi, pua haina. Kuna vijidudu vya majini ambavyo ukivinywa havikudhuru, lakini vikiingia puani vinaweza kufika kwenye ubongo na kuua. Ni nadra, na kinga yake ni kuchemsha tu.

Na usitie mafuta puani, yawe ya nazi, ya ufuta au ya habat soda. Mafuta yanaweza kuteremka mapafuni taratibu na kuyaumiza. Kama pua imechubuka kwa kupengwa, paka mafuta ya mgando kidogo sana kwenye ukingo wa nje.

Hatua ya 3: Macho

Usiyasugue. Kusugua kunazidisha muwasho, na mtoto anayesugua miezi na miezi anaweza kuharibu kioo cha jicho. Chovya kitambaa safi kwenye maji baridi, kamua, weka juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10. Rudia mara kadhaa kwa siku. Ukitoka nje penye vumbi au upepo, nawa uso ukifika.

Hapa nina neno zito. Matone ya macho yenye steroidi (dawa kali ya kupunguza uvimbe), kama deksamethasoni, huondoa wekundu haraka mno, na ndiyo sababu watu huyarudia bila kuandikiwa. Yakitumika kiholela huleta presha ya macho na mtoto wa jicho, na uoni unaopotea kwa presha ya macho haurudi. Nimeona mama akija na kichupa kitupu kuomba kingine "kama hiki", cha mtoto wa darasa la pili, mwezi wa nne mfululizo. Matone hayo ni ya kuandikiwa na mtaalamu wa macho, naye ndiye wa kusema lini uache.

Hatua ya 4: Chagua kidonge kimoja

Kwa chafya, kamasi na muwasho, vidonge vya kizazi kipya ndivyo vya kuanza navyo: setirizini au loratadini. Kwenye boksi utaviona vimeandikwa Cetirizine na Loratadine. Chagua kimoja, usichanganye.

- Mtu mzima na kijana wa miaka 12 kwenda juu: miligramu 10, mara moja kwa siku.
- Mtoto wa miaka 6 hadi 11, setirizini: miligramu 5, mara mbili kwa siku.
- Loratadini kwa mtoto wa miaka 2 na zaidi mwenye uzito usiozidi kilo 30: miligramu 5, mara moja kwa siku.
- Chini ya miaka 2: usimpe bila kuonana na daktari.

Sirapu nyingi zina miligramu 5 katika kila mililita 5, lakini soma chupa uliyonayo na utumie kipimo kilichokuja nayo. Vijiko vya nyumbani havilingani.

Dalili zako zikiwa za alfajiri, kimeze jioni. Dawa hufanya kazi karibu saa 24, kwa hiyo itakukuta alfajiri ikiwa bado ina nguvu. Setirizini huwapa baadhi ya watu usingizi. Ijaribu siku ambayo huendeshi chombo. Mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, anayenyonyesha, na anayemeza dawa nyingine kila siku, uliza kwanza.

Sasa zile za njano. Klofeniramini, ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton, ni dawa ya siku nyingi na inatuliza kweli. Lakini inapita kwenye ubongo: usingizi, uzito wa kichwa, mdomo kukauka. Dereva wa bodaboda, fundi wa mashine na mwanafunzi mwenye mtihani, si dawa yenu ya mchana. Mzee mwenye tezi dume anaweza kuamka ameshindwa kukojoa. Mwenye presha ya macho aikwepe. Na pombe isiwe karibu nayo.

Angalia pia vidonge vya mchanganyiko "vya mafua". Vingi vina klofeniramini ndani yake pamoja na parasetamo. Ukimeza hivyo, kisha ukaongeza Piriton na parasetamo nyingine kwa sababu kichwa kinauma, umemeza dozi mbili za kila kimoja bila kujua.

Antibayotiki hazitibu mzio. Amoksilini ya kugawana vidonge viwili viwili kwa ajili ya kamasi haisaidii pua na inazoesha vijidudu dawa. Ile "sindano ya aleji" nayo mara nyingi ni steroidi. Inatuliza kwa siku kadhaa, na ukiizoea inapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Kwa chafya za alfajiri, usikubali kuchomwa.

Hatua ya 5: Kitanda, na hapa ndipo kazi ilipo

Utitiri wa vumbi ni vidudu vidogo mno, chini ya nusu milimita, havionekani kwa macho. Haviumi wala havinyonyi damu. Vinakula vipande vya ngozi vinavyotudondoka, na maji vinayapata kutoka kwenye hewa yenye unyevu, ndiyo maana mwambao wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam ni makao yao mazuri. Mzio unatokana zaidi na kinyesi chao kilichokauka. Kukiwa kitandani, unakivuta usiku kucha, uso ukiwa umezama kwenye mto.

Kuwa na utitiri hakumaanishi nyumba ni chafu. Ninawaambia hivi akina mama kila mara, maana wapo wanaoona aibu.

*Mashuka, foronya na blanketi.* Fua kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Maji ya baridi yanaosha sehemu ya kinyesi lakini utitiri wenyewe unabaki hai. Kama huna mashine, fanya hivi: tia mashuka kwenye ndoo ngumu, mimina ndoo ndogo moja ya maji yanayotokota na ndoo ndogo moja ya maji ya bomba, tia sabuni, koroga kwa mwiko mrefu, funika nusu saa. Kwa pwani, ambako maji ya bomba yenyewe yana uvuguvugu, nusu kwa nusu hufika nyuzi 60 hivi. Ukiwa Nairobi, Arusha au Njombe, ambako maji ya bomba ni ya baridi na hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, tumia sehemu mbili za moto kwa moja ya baridi. Weka ndoo mahali ambapo mtoto hafiki. Ajali za maji ya moto ni nyingi kuliko ajali za mzio.

*Mto.* Mto wa sufi wa miaka mingi, ule uliopungua ukawa mabonge, ni hazina ya vumbi. Kila unapogeuka unapuliza. Najua mingine ni ya kurithi au ya harusi. Itoe kitandani kwa mwenye mzio, itumike sebuleni, na umpe mto unaoweza kufuliwa na kukauka.

*Godoro.* Litoe nje saa 4 asubuhi siku ya jua kali, ligeuze saa 6, lirudishe ndani kabla ya saa 10, unyevu wa jioni haujaanza. Jua hukausha na kupasha upande wa juu, ila halifiki katikati ya sponji, kwa hiyo lichukulie kama msaada, si tiba. Mwenye mzio asilipige fimbo yeye. Kifuniko chenye zipu kinachofunika pande zote sita ndicho kinachozuia kweli.

Watu huniuliza kuhusu ile nailoni iliyokuja na godoro: waiache? Inazuia, ndiyo. Lakini inahifadhi jasho, na maji yakipenya chini yake ukungu unaota. Ukiiacha, tandika shuka nene juu, na kila mwezi ifungue upande mmoja uchungulie na kunusa.

*Chandarua.* Hiki watu hukosea. Chandarua hukusanya vumbi juu kabisa, pale kinapofungwa, na kila ukikifungua usiku vumbi linakushukia usoni. Lakini usikitie kwenye ndoo ya maji ya moto pamoja na mashuka, na usikianike juani: dawa ya mbu iliyomo itaharibika. Kikung'ute nje mara kwa mara, mtu mwingine akifanya kazi hiyo. Kinapochafuka kifue kwa maji ya baridi na sabuni laini, ukianike kivulini, wala usikifue mara nyingi kuliko kila miezi mitatu. Usiache kukitumia kwa sababu ya mzio. Malaria haina mjadala.

*Midoli ya manyoya.* Itie kwenye mfuko, iweke kwenye friza usiku na mchana mzima au zaidi, kisha ifue. Baridi huua utitiri, kufua huondoa mabaki.

Hatua ya 6: Sakafu na vinavyoning'inia

Fagio la chelewa kavu hurusha vumbi lote hewani, nalo hubaki likielea. Nyunyiza maji kidogo kwanza, au deki moja kwa moja. Futa makabati kwa tambara lenye unyevu. Mwenye mzio avae barakoa, au atoke, na asirudi chumbani kabla ya nusu saa.

Panda kiti utazame mapanga ya pangaboi kwa juu. Kwa nyumba nyingi utakuta utando mnene kama sufi, na huo ndio unaopulizwa kila usiku. Futa kila wiki mbili kwa tambara lililoloa, umeme ukiwa umezimwa.

Zulia la manyoya litoke chumba cha kulala. Mkeka wa ukindu ni bora mara nyingi: unafutika, unaanikwa, hauna pa kuficha vumbi. Mapazia mazito yafuliwe kila mwezi, au weka mepesi.

Hatua ya 7: Ukungu, mende, moshi, paka

Ukungu hufuata unyevu, kwa hiyo tafuta maji yanakotoka: bomba linalovuja, bati lililotoboka, nguo mbichi zinazoanikwa chumbani. Futa madoa kwa sabuni na maji, kausha, fungua madirisha mchana. Ukitumia jiki, usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi. Mvuke wake ni sumu.

Mende nao huleta mzio, na mabaki yao hudumu hata wakishakufa. Taka zisilale ndani, vyombo visilale vichafu. Dawa ya kutega au ya kupaka kwenye nyufa ni afadhali kuliko ya kupuliza, ambayo yenyewe inachokoza pua.

Moshi wa mkaa, sigara, dawa ya mbu ya kuchoma, udi na manukato makali si mzio wenyewe, lakini pua iliyokwisha kuvimba haivumilii. Hatuachi udi, na sisemi uuache. Fukiza nguo na chumba wakati mwenye mzio hayupo, fungua madirisha, moshi utoke kabla hajarudi.

Paka: tatizo liko kwenye mate na ngozi yake, kwa hiyo kumnyoa hakusaidii. Asiingie chumba cha kulala. Hata ukimhamisha, mabaki hudumu nyumbani miezi kadhaa, usishangae.

Kwa chavua, oga na ubadili nguo ukitoka shamba au kufyeka, kabla ya kukaa kitandani. Watu hulaumu maua makubwa ya rangi yanayoonekana barabarani. Mara nyingi chavua yake ni nzito na hubebwa na nyuki. Nyasi, ambazo hakuna anayezitazama, ndizo zinazotupa chavua kwenye upepo.

Hatua ya 8: Dawa ya kupuliza puani, ikihitajika

Kama shida yako kubwa ni pua kuziba, vidonge peke yake mara nyingi havitoshi. Hapo mfamasia au daktari anaweza kukupa steroidi ya kupuliza puani, kama beklometasoni au flutikasoni. Hii inafanya kazi palepale puani na kidogo sana huingia mwilini, si sawa na ile sindano.

Tikisa chupa. Inamisha kichwa kidogo mbele. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, ncha ikielekea upande wa sikio, si katikati. Puliza, vuta pumzi taratibu. Ukivuta kwa nguvu unaimeza. Tumia kila siku hata ukijisikia vizuri. Nafuu kamili inaweza kuchukua mpaka wiki mbili, na wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifai.

Ikigoma

*Maji ya chumvi yanachoma.* Umezidisha chumvi, umesahau chumvi kabisa, au maji ni ya baridi. Pima upya, yawe vuguvugu.

*Sikio limeziba baada ya kuosha pua.* Umesukuma kwa nguvu au umepenga umebana. Punguza mkono. Sikio likiuma, acha na uonwe.

*Nimeosha asubuhi, mchana nikiinama maji yakanitoka.* Kawaida. Ukimaliza kuosha, inama mara mbili tatu ukigeuza kichwa kila upande.

*Damu kidogo tangu nianze kupuliza dawa.* Unaelekeza katikati ya pua. Pumzika siku chache, badili mkono kama nilivyoeleza. Ikiendelea, rudi kwa aliyekupa.

*Pua imeziba zaidi kuliko kabla ya matone.* Matone ya kuzibua, yale yenye zailometazolini au oksimetazolini, hayatakiwi kuzidi siku 5 hivi. Ukizidisha, pua inazoea na kuvimba kila yanapoisha nguvu, nawe unazidi kuyatia. Yaache. Siku kadhaa za mwanzo zitakuwa ngumu. Osha pua kwa chumvi na uulize kuhusu dawa ya hatua ya 8.

*Nimejifukiza, nimepata nafuu ya saa moja tu.* Mvuke hulegeza kamasi, hauondoi mzio. Na mtoto asifunikwe blanketi juu ya sufuria ya maji ya moto, hata ukiwa umemshika.

*Tundu moja tu linatoa uchafu.* Huo si mzio. Kwa mtoto mdogo, hasa kukiwa na harufu mbaya, fikiria harage, shanga au kipande cha sponji kilichosukumwa ndani. Usichokoe kwa kijiti, utakisukuma zaidi. Mpeleke kituo cha afya. Mtu mzima mwenye tundu moja lililoziba au linalotoka damu kila mara naye aonwe.

*Kikohozi cha usiku, kifua kinabana.* Huenda ni pumu, na pumu na mzio wa pua hutembea pamoja mara nyingi. Usijaribu kuitibu kwa sirapu za kikohozi. Nenda upimwe.

*Nikisafiri napona, nikirudi inaanza.* Basi ni nyumba. Rudi hatua ya 5 na ya 7, na uanze na kile ulichokiruka.

*Mapumziko nyumbani sijambo, Jumatatu inarudi.* Tazama kazi: unga wa ngano kwa mwoka mikate, vumbi la mbao kwa seremala, dawa za nywele saluni, dawa za usafi. Usipuuze hili, maana mzio wa kazini ukiachwa unaweza kuteremka kifuani na kubaki hata baada ya kuacha kazi. Vaa barakoa, fungua madirisha, na umwambie daktari kazi yako kabla hajakuuliza.

*Wiki nne nimefanya yote, bado.* Nenda hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo, na daftari lako mkononi. Atatazama pua kwa ndani, anaweza kukuta nyama puani au uvimbe kwenye sinasi (nafasi za hewa ndani ya mifupa ya uso), na kwenye hospitali kubwa kuna vipimo vya ngozi au vya damu vya kuonyesha mzio ni wa nini. Kama umeambiwa utapimwa kwenye ngozi, uliza mapema uache vidonge vya mzio siku ngapi kabla, kwa sababu ukiwa umevimeza kipimo hakitaonyesha kitu.